Kuitafuta Sheria Iliyofichwa

Kila mchezo una sheria, lakini si kila mchezo huzitangaza sheria zake. Sheria za bao na za kandanda hujulikana na wachezaji wote kabla mchezo haujaanza. Mtu akizivunja, mwenzake humwonya, au mwamuzi hupiga filimbi. Mchezo wa kompyuta una desturi nyingine. Mchezaji huingizwa katika dunia ngeni, huonyeshwa namna ya kutembea na kushika vitu, kisha huachwa ajitafutie mengine. Sheria zinazoitawala dunia ile zimeandikwa na binadamu, tena kwa uangalifu mkubwa, lakini zimefungiwa ndani ya mashine kama barua ndani ya bahasha. Hazivunjiki, hazina mwamuzi, wala hazisomeki kwa macho.

Kwa sababu hiyo kila mchezo wa namna hii huzaa uvumi mwingi. Huyu husema kwamba adui hudhoofika ukimngojea. Yule huapa kwamba hazina hupatikana usiku tu. Wa tatu ana siri aliyoambiwa na binamu yake, naye binamu aliambiwa na mtu asiyejulikana. Penye sheria iliyofichwa uvumi hustawi, na mwenye sauti kubwa huonekana kuwa ndiye mwenye maarifa. Basi mtu asiyeweza kuifungua mashine ataijuaje sheria? Jibu langu ni fupi: achukue saa na daftari, apime muda. Nataka kueleza jinsi kazi hiyo inavyofanywa, na kwa nini mimi, mwalimu wa sayansi, naiona kuwa kazi inayomstahili mwanafunzi.

Kwanza yafaa kuelewa kwa nini saa ndiyo ufunguo. Kompyuta haioni wakati ukitiririka kama sisi tuuonavyo. Huugawanya wakati katika mapigo madogo yaliyo sawasawa, na katika kila pigo huitazama dunia yake, huhesabu kila kitu kilichopaswa kubadilika, hukibadilisha, kisha hungoja pigo lifuatalo. Katika mchezo uitwao Minecraft, uliotungwa na Markus Persson wa Uswidi na kutolewa kwa watu kwa mara ya kwanza mwaka 2009, mapigo ni 20 kwa sekunde moja. Siku nzima ya mchezo huo, tangu mapambazuko mpaka mapambazuko, ni mapigo 24,000, yaani dakika 20 za saa yetu. Kila tendo la dunia ile hutendeka kwa hesabu ya mapigo, na mwenye saa nzuri aweza kuipata hesabu hiyo akiwa nje, kama tabibu ahesabuvyo mapigo ya moyo kwa kushika mkono wa mgonjwa bila kumpasua kifua.

Njia hii si mpya. Galileo Galilei wa Italia, katika kitabu alichokitoa mwaka 1638, alieleza jinsi alivyoviringisha mpira wa shaba katika mfereji wa ubao ulioinamishwa, ili aijue sheria ya vitu vinavyoanguka. Kitu kinachoanguka wima hupita upesi mno. Kwa hiyo aliupunguza mwendo wake kwa mteremko. Saa ya kuhesabu sekunde hakuwa nayo. Aliyaacha maji yatoke chomboni kwa mrija mwembamba muda wote mpira ulipokuwa ukienda, kisha akapima uzito wa maji yaliyotoka. Alirudia jaribio lake mara nyingi sana kabla hajaiamini hesabu. Dunia aliyoipima hakuitunga yeye, wala hapakuwa na mtu wa kumwonyesha majibu. Mpimaji wa sheria za mchezo yumo katika hali iyo hiyo, ingawa dunia yake ni ndogo kuliko ya Galileo.

Mfano mzuri wa dunia yenye sheria thabiti ni Pac-Man, mchezo uliobuniwa na Toru Iwatani na kutolewa na kampuni ya Namco huko Japani mwaka 1980. Mchezaji huongoza duara la manjano lenye mdomo, likila vitone katika vichochoro, huku vizuka vinne vikilifuata. Mgeni wa mchezo hudhani kwamba vizuka hivyo huenda vipendavyo. Aliyeketi na saa huona jambo jingine. Mara kwa mara vizuka vyote hugeuka nyuma kwa pamoja, kana kwamba vimesikia amri moja. Mtu akiandika muda wa kila mgeuko katika hatua ya kwanza, jedwali hujiandika lenyewe: sekunde 7 kila kizuka huelekea pembe yake, sekunde 20 vyote huwinda, 7 tena, kisha 20, halafu 5 na 20, halafu 5 za mwisho, na baada ya hapo huwinda bila kuacha.

Jedwali hilo halipatikani na mtu mzembe. Ndani ya vichochoro mna vitone vikubwa vinne, na duara likila kimoja, vizuka hushikwa na hofu, na saa yao ya kuwinda husimama mpaka hofu iishe. Mpimaji asiyeliangalia jambo hilo atapata sekunde 26 leo na sekunde 20 kesho, kisha atasema kwamba mchezo hauna sheria. Sheria ipo; yeye ndiye aliyechanganya mambo mawili katika jaribio moja. Ajizuie asile vitone vikubwa, na namba zitapatana. Wachezaji walipogundua kwamba mwendo uleule ukirudiwa kwa wakati uleule huleta matokeo yaleyale, walitunga njia za kupita vichochoroni bila kukamatwa, na vitabu vya njia hizo viliuzwa huko Marekani katika miaka ya mwanzo ya 1980.

Lakini ziko sheria za namna nyingine, ambazo hazijibu swali moja kwa jibu moja. Hizi nilizitazama zikitafutwa mbele ya macho yangu mwaka 2019, nilipokuwa nikisimamia chama cha kompyuta katika shule moja ya kutwa katika kaunti ya Uasin Gishu, pande za ngano na mahindi. Tulikuwa na kompyuta sita, hapana intaneti, na ruhusa ya kutumia chumba kwa saa mbili na nusu kila Jumamosi. Wanafunzi wa Kidato cha Pili walipenda kucheza Minecraft, na watoto wa wakulima, hata wakipewa dunia yenye majumba ya fahari na mapango ya dhahabu, hawakukawia kulima. Ugomvi ulianza juu ya ngano. Mmoja alisema kwamba mchezaji akilala kitandani ngano hukomaa upesi. Wa pili alisema kwamba mwenye shamba akienda mbali, ngano husimama kukua mpaka arudi. Msichana mmoja alishikilia kwamba ngano iliyopandwa mistari kwa mistari pamoja na zao jingine hukomaa kabla ya ile iliyojaa shamba zima. Na mvulana aliyekuwa hodari kuliko wote katika mchezo huo alimcheka, akasema kwamba shamba ni shamba.

Waliponijia niamue, nilikataa kuamua. Niliwapa saa ya kupimia muda iliyotumika maabarani, na daftari jipya, nikawaambia kwamba mali bila daftari huisha bila habari, na maarifa ni mali.

Nilitaka kwanza waijue saa yao na vidole vyao. Katika mchezo huo mna tanuri ya kuyeyushia madini. Walipima muda wa kipande kimoja, wakapata sekunde 9 na nukta nane, kisha 10 na nukta tatu, kisha 10 na nukta moja. Niliwauliza kama tanuri ndiyo iliyobadilika au ni kidole kilichochelewa kubonyeza. Wakatia vipande kumi, wakapima muda wote kwa mara moja, wakagawanya kwa kumi. Sekunde 10 kamili zikatokea kila walipojaribu. Ndivyo tufanyavyo katika somo la fizikia tunapofunga uzito kwenye uzi na kuuacha ubembee: hatupimi mbembeo mmoja, twapima ishirini na kugawanya, ili kosa la kidole ligawanyike nalo. Walikuwa wameifanya kazi hiyo maabarani mwezi uliotangulia bila kuuliza sababu. Sasa waliiona sababu.

Uvumi wa kulala ulikufa siku hiyo hiyo. Waliandika urefu wa mashina yote ya shamba, wakalala, usiku ukapita kwa kufumba na kufumbua, wakaamka na kutazama: mashina yalikuwa vilevile, isipokuwa moja. Kulala husogeza jua la mchezo, hakusogezi mimea. Uvumi wa kwenda mbali, ambao mimi niliudhania kuwa mzaha, ulithibitika kuwa kweli. Mchezaji alipokaa mbali kwa nusu saa na kurudi, ngano ilikuwa imesogea kidogo tu, kiasi cha muda alioutumia kuondoka na kukaribia. Kwa hiyo uvumi usidharauliwe kwa kuwa ni uvumi. Wengine hubeba kweli pasipo ushahidi. Hupimwa, kisha huaminiwa au hutupwa.

Kazi ngumu ilikuwa ile ya mashamba mawili. Walipanda shina moja katika kila shamba wakashindanisha. Jumamosi ya kwanza shina la mistari lilitangulia, na msichana akafurahi. Jumamosi ya pili shina la shamba lililojaa lilitangulia, na mvulana akapiga makofi. Wakaniambia kwamba saa imewadanganya. Nikawaletea dadu ya ludo, nikamwomba mmoja airushe mpaka apate sita. Alipata kwa mara ya pili. Mwenzake akarusha mara kumi na moja. Nikawauliza kama dadu ilikuwa imebadilika mikononi mwao. Wakanyamaza, kisha yule msichana akasema polepole, "Mwalimu, huenda ngano nayo inarushiwa dadu." Ikiwa ndivyo, shina moja haliwezi kutoa ushahidi, lazima yaulizwe mengi.

Walitengeneza mashamba mawili yaliyofanana kwa kila jambo ila moja. Udongo wa yote mawili ulikuwa na maji katikati, na mienge iliwekwa kando ili giza lisizuie kukua. Shamba la kwanza lilikuwa na mistari ya ngano na mistari ya karoti kwa zamu; la pili lilikuwa na ngano tupu. Katika kila shamba waliyachagua mashina ishirini kabla ya kuanza, wakayapa namba, wakayatazama kila dakika na kuandika dakika ambayo kila shina lilikomaa. Ilikuwa kazi ya kuchosha. Kwa muda wa saa moja na zaidi hapakuwa na mchezo wowote katika chumba kile. Palikuwa na macho, saa na kalamu.

Nilipolipitia daftari jioni, niliona namba moja iliyofutwa. Katika shamba la mistari, shina la kumi na nne lilikuwa limeandikiwa dakika 23, lakini chini ya tarakimu 2 palionekana kivuli cha tarakimu 4. Mwandishi wa siku hiyo alikuwa ni yule mvulana hodari. Jambo hili lilinistaajabisha, kwa sababu alikuwa akiipunguza namba kwa faida ya hoja ya mpinzani wake. Nilimwita pembeni Jumatatu.

"Mwanangu, shina la kumi na nne lilikomaa lini?"

"Dakika ya arobaini na tatu, Mwalimu."

"Mbona umeandika ishirini na tatu?"

"Hiyo moja ilikuwa inaharibu hesabu, Mwalimu. Mengine yote yalikuwa yamekwisha kukomaa. Nilikwisha kujua kwamba nimeshindwa, nikataka daftari liwe safi."

Hakuwa mwongo kwa tabia, wala hakutafuta faida. Alifanya alichokuwa amezoea kufanya. Katika maabara zetu mwanafunzi hupewa bureti ya asidi na chupa ya alkali, apime ni kiasi gani cha asidi kitakachoitosheleza alkali ile. Kabla hajafungua koki, amekwisha kunong'onezwa jibu linalotakikana. Akisoma namba iliyo karibu na jibu, huiandika. Akisoma namba iliyo mbali, huirekebisha, kwa kuwa alama hutolewa kwa ukaribu. Baada ya miaka minne ya mazoea hayo, macho yake huwa watumishi wa jibu, nayo saa na bureti huwa mapambo ya mezani. Hujifunza kwamba namba isiyopendeza ni aibu, na kwamba aibu hufutwa kwa raba.

Nikamwambia, "Irudishe dakika yako ya arobaini na tatu. Ndiyo inayotuambia jambo ambalo zile nyingine haziwezi kulisema peke yake." Aliirudisha, akaweka sahihi yake kando. Jumamosi iliyofuata tulichora namba zote ubaoni. Mashina ya mistari yalikuwa na wastani wa dakika 25, na ya shamba lililojaa dakika 47. Lakini katika mashamba yote mawili namba zilitawanyika sana: baadhi ya mashina ya ngano tupu yaliyatangulia baadhi ya yale ya mistari. Mtawanyiko huo ndio ulioeleza kwa nini shina moja lilishinda Jumamosi moja na kushindwa Jumamosi nyingine. Bila ile dakika ya arobaini na tatu na wenzake, tungalisema kwamba kila shina lina saa yake kamili kama tanuri, na tungalikosea kabisa.

Baadaye nilipata nafasi ya kusoma maelezo ya watu walioifungua programu ya mchezo huo na kuichambua. Katika toleo lile la kompyuta, dunia imegawanywa katika vyumba vya michemraba 16 kwa 16 kwa 16, yaani michemraba 4,096. Katika kila pigo, mashine huchagua michemraba 3 kwa bahati nasibu ndani ya kila chumba kilicho jirani na mchezaji. Kwa mapigo 20 ya kila sekunde, mchemraba mmoja hufikiwa, kwa wastani, mara moja katika sekunde 68 hivi. Shina likifikiwa, hurushiwa dadu ya pili. Katika shamba lenye maji na mistari ya kupishana, nafasi ya kusogea hatua moja ni 1 kati ya 3. Katika shamba lenye maji lililojaa zao moja, ni 1 kati ya 6. Tangu kupandwa mpaka kukomaa ni hatua 7. Zidisha 7 kwa 3 kwa 68, utapata dakika zipatazo 24. Mahali pa 3 tia 6, utapata 48. Watoto wale, wakiwa na saa moja na daftari moja, walikuwa wameigusa sheria kwa nje na kuipata karibu kamili, bila kuliona hata neno moja la programu.

Nyumbani kwao msichana yule, mahindi na maharagwe hupandwa pamoja, na ndiko alikoipata dhana yake. Lakini alipotaka kusema kwamba mchezo umethibitisha kilimo cha mama yake, nilimzuia. Maharagwe hunufaisha udongo kwa sababu ya vijidudu vya mizizini vinavyoitwaa naitrojeni ya hewani. Ngano ya mchezo hukua kwa sababu mtu aliandika hivyo. Sheria ya dunia moja haihamishiki hadi nyingine kwa kufanana sura tu. Kila dunia ipimwe kwake.

Sisemi kwamba kila mtoto aketiye mbele ya mchezo anajifunza sayansi. Wengi hupoteza saa zao, na mzazi anayelalamika ana haki ya kulalamika. Hayo yaliyotokea hayakuletwa na mchezo wenyewe. Yaliletwa na swali lisilokuwa na jibu mwishoni mwa kitabu. Hapakuwa na mtu wa kunong'ona. Mwalimu hakujua, mashine haikusema, na hodari wa chama alijua kidogo kuliko alivyodhani. Katika upweke huo namba ya daftarini ilipata heshima ambayo sikuwahi kuiona ikiipata maabarani.

Tangu mwaka ule nimeibadili kidogo njia yangu ya kufundisha. Siku ya kupima asidi, kila kundi hupewa alkali yenye nguvu tofauti, na majibu nayaweka mfukoni mpaka madaftari yote yakusanywe. Kwanza wanafunzi hunung'unika, kwa maana hawana pa kuchungulia. Kisha huinama, huyakaza macho yao kwenye mstari wa bureti, na huandika kile wanachokiona. Mara nyingine namba zao hupishana, nao huniuliza ipi ni ya kweli. Huwajibu kwamba warudie kupima.